Jerry Reed: mzaha mdomoni, hesabu vidoleni

Wengi wanamkumbuka Jerry Reed kama dereva wa lori. Mwaka 1977, kwenye Smokey and the Bandit, yeye ndiye Cledus, jamaa wa maneno mengi anayesafirisha bia ya magendo kutoka Texas kwenda Georgia, mbwa wake Fred amejikalia kiti cha pembeni. Filamu ilivuma, na wimbo wake wa barabarani, East Bound and Down, alioutunga pamoja na Dick Feller na kuuimba mwenyewe, ukavuma nayo. Tangu hapo imekuwa kazi kumshawishi mtu kwamba yule mchekeshaji mwenye kofia ni mmoja wa wapiga gitaa wagumu kuigwa kuliko wote waliowahi kuingia studio za Nashville, mji mkuu wa muziki wa country Marekani.

Sisi tunaopiga gitaa la vidole tulimpokea kinyumenyume: kwanza mkono wa kulia, uso baadaye. Kila anayejaribu kumwiga hugota mahali pamoja. Noti zinapatikana, kodi (noti zinazolia pamoja) zinapatikana, lakini muziki unatoka mkavu. Sababu ni kwamba ucheshi wa Jerry haukubandikwa juu ya wimbo kama pambo. Umo kwenye mpangilio wa mapigo yenyewe, na ukiuondoa unabaki na mazoezi ya vidole tu.

Alizaliwa Atlanta, Georgia, tarehe 20 Machi 1937, jina kamili Jerry Reed Hubbard. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha pamba, akasaini mkataba wa kurekodi na kampuni ya Capitol mwaka 1955 akiwa kijana wa miaka 18, akapita jeshini, na mwaka 1962 akahamia Nashville kupiga gitaa kwenye rekodi za watu. Huko ndiko Chet Atkins alikomwona. Chet alikuwa mpiga gitaa mwenye jina kubwa na pia bosi wa kampuni ya rekodi ya RCA mjini hapo, na alimchukua Jerry kwanza kwa sababu ya tungo zake za gitaa, halafu akamhimiza aimbe kwa namna yake mwenyewe. Ushauri huo ndio uliotuletea Jerry tunayemjua.

Tuanze na mkono. Kabla ya Jerry, mtindo uliotawala gitaa la vidole la country ulikuwa ule wa mpiga gitaa Merle Travis, ambao Chet aliuendeleza: dole gumba, likiwa na piki yake (kipande kigumu cha kupigia nyuzi), linagonga besi kwenye kila pigo, moja, mbili, tatu, nne, bila kusita, na vidole vinaimba juu yake. Msikilizaji wa Afrika Mashariki na Kongo hana haja ya kuelezwa sana hapo. Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alifanya maajabu kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, na wapigaji wa omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, kama George Mukabi wakaenda na njia iliyo jirani, chupa ya soda ikigongwa pembeni kushika wakati. Mkono huo una deni moja kubwa: gumba halina ruhusa ya kupotea. Likipotea, nyumba imeanguka.

Jerry alilivua gumba utumwa huo. Mwaka 1967 alitoa kipande cha gitaa tupu kinachoitwa The Claw, na jina hilo likageuka kuwa jina la mkono wake wenyewe, kwa jinsi ulivyojikunja na kuzidaka nyuzi mbili tatu kwa mpigo mmoja. Kwake gumba na vidole ni mikono miwili ya mpiga ngoma. Gumba linagonga, vidole vinajibu, na majibu mengi yanafika nusu pigo kabla ya pale sikio linapoyasubiri. Hapo ndipo kicheko kinapozaliwa, kabla hajafungua mdomo. Sikio limeahidiwa kitu, likapewa mapema.

Kuusikia mwendo huo mkononi mwako si vigumu kama inavyodhaniwa. Lifuatalo ni zoezi la kuuelewa mkono tu, wala halijanukuliwa kutoka wimbo wake wowote. Shika kodi ya E7 ya chini. Hesabu polepole, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Hizo ni nafasi nane. Gumba lipige uzi wa 6, ule mnene kuliko wote, kwenye "moja", vidole vitatu vidake nyuzi za 3, 2 na 1 kwa pamoja kwenye "na" inayofuata, kisha "mbili" iache wazi. Gumba tena kwenye "na" ya baada ya mbili, vidole kwenye "tatu", acha wazi "na" yake. Gumba kwenye "nne", vidole kwenye "na" ya mwisho. Ukitamka kwa mdomo inakuwa: du-ka, kimya, du-ka, kimya, du-ka. Tatu, tatu, mbili, jumla nane.

Litakaloharibika ni nafasi ya "tatu". Mkono uliozoea besi ya Travis ya kila pigo utalilazimisha gumba lipige pale, kwa kuwa ndipo limekuwa likipiga siku zote, na ghafla du na ka zinaangukiana, mwendo unakuwa mzito. Usirekebishe kwa kuongeza kasi. Ondoa vidole kabisa, piga gumba peke yake kwenye nafasi zake tatu hadi ikukere, ndipo uvirudishe vidole. Kosa la pili ni kujaza kimya. Zile nafasi mbili tupu ni sehemu ya wimbo, na wengi huziziba kwa kuacha kodi iendelee kulia. Zikate: vidole vilivyokwisha kudaka vishuke na kugusa nyuzi tena mara moja, na ubavu wa kiganja ukae karibu na daraja (kipande kinachoshika nyuzi tumboni mwa gitaa) kuibana besi kidogo. Ukiibana sana besi inageuka kuwa mgongo wa debe. Sogeza kiganja nyuma kuelekea darajani, milimita chache tu, hadi noti isikike na kufa haraka. Mizunguko minane ikipita safi, ongeza mapigo manne. Ikichafuka, rudi nyuma manane.

Upande wa pili wa ufundi wake ni mporomoko wa noti, ule ambao ukiusikia unadhani kuna vinubi viwili. Skeli (ngazi ya noti) ya kawaida hupigwa ikipanda na kushuka juu ya uzi uleule, kwa hiyo kila noti inaua iliyotangulia. Jerry huzigawa noti kwenye nyuzi tofauti na kuchanganya nyuzi wazi (zisizobanwa), ili noti zinazofuatana zilie moja juu ya nyingine. Chukua skeli ya G ikishuka (freti ni vile vyuma vya shingoni): anza uzi wa 2 freti ya 8 kwa kidole kidogo, ivute iache freti ya 7 ya uzi huohuo chini ya kidole cha pete, uzi wa 1 wazi, uzi wa 3 freti ya 7, ivute iache freti ya 5 chini ya kidole cha shahada, uzi wa 2 wazi, uzi wa 4 freti ya 7, malizia uzi wa 3 wazi. Hiyo ni skeli nzima ya G kutoka juu hadi chini, noti nane, na mkono wa kushoto haukutoka sehemu moja. Kulia, shahada anashika uzi wa 2, cha kati uzi wa 1, gumba uzi wa 3 na wa 4, isipokuwa ile noti ya mwisho ambayo shahada huichukua yeye.

Hapa wepesi wa mkono wa kushoto ni adui. Kidole kikinyanyuka kabla ya noti inayofuata kusikika, mporomoko unakatika na kubaki skeli ya darasani. Ngoja hadi noti mpya iwe imelia. Na nyuzi wazi zinalia kwa nguvu kuliko zilizobanwa, kwa hiyo ziguse kwa upole. Usipofanya hivyo, zile wazi zinarukaruka nje ya mstari kila zinapopita na kila mtu anajua umefanya ujanja.

Gitaa lenyewe lina usemi. Jerry alijulikana kwa gitaa la nyuzi za nailoni lililofungwa umeme, la kampuni ya Baldwin, chombo ambacho wanamuziki wengi wa country wa wakati wake hawakukitumia. Shingo ya gitaa la nailoni ni pana, kwenye kiti cha nyuzi, pale shingo inapokutana na kichwa, karibu milimita 50 au 52, dhidi ya milimita 43 hivi za gitaa la chuma. Upana huo ndio unaovipa vidole nafasi ya kuchovya na kudaka bila kugusana. Nailoni pia ina mwanzo laini na mkia mfupi, sifa inayoupa ule mkato wa du-ka uwazi wake. Kwenye chuma mtindo huu unawezekana, ila itakubidi ukate noti kwa juhudi mara mbili. Na kwa kuwa kosa hili linatembea sana mitaani kwetu: usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni ili "litoe sauti". Seti ya chuma huvuta karibu mara mbili ya nailoni. Tumbo la gitaa linavimba, daraja linabanduka, na fundi atakuuzia lingine.

Kisa kimoja cha studio kinaonyesha jinsi mkono huu ulivyokuwa hauazimiki. Septemba 1967 Elvis Presley alikuwa Nashville akirekodi Guitar Man, wimbo ambao Jerry alikuwa ameutunga na kuutoa mwaka huohuo. Wapigaji waliokuwepo walikuwa mabingwa, lakini mwanzo wa wimbo haukukubali, kwa kuwa wao walipiga kwa piki bapa na Jerry anapiga kwa vidole. Ikabidi atafutwe. Alikuwa mtoni akivua samaki, akaja vilevile alivyokuwa. Aliunganisha gitaa lake la nailoni, akaupandisha uzi wa 2 toni nzima (sawa na freti mbili) na kuushusha uzi wa 6 toni nzima ili aweze kuzibana nyuzi kwa kidole kimoja, na kuanzia hapo kazi ikaenda. Gitaa linalosikika kwenye rekodi ile ya Elvis ni lake.

Ukitaka kujaribu urekebishaji huo, jua kwamba kupandisha uzi toni nzima huongeza mvuto wake kwa karibu asilimia 26. Uzi mpya wa nailoni utaendelea kurefuka na kushuka sauti. Upandishe kwa awamu, nusu toni kwanza, uuvute kwa kidole katikati mara kadhaa, urekebishe, kisha nusu iliyobaki. Uzi uliokwisha kuchubuka kwenye freti usiupandishe, utakatikia usoni.

Sasa mzaha. Miongoni mwa nyimbo zake za kuchekesha zilizovuma ni Amos Moses, hadithi ya mwindaji wa mamba kwenye vinamasi vya Louisiana, na When You're Hot, You're Hot ya 1971, iliyofika namba moja kwenye chati za country na kumpa Grammy ya uimbaji. Wimbo huo wa pili ni kisa cha wacheza kamari waliokamatwa uchochoroni na kupelekwa mahakamani, na mwimbaji ndiye anayeishia jela. Ukisoma mashairi kwenye karatasi utatabasamu kidogo, basi. Kinachochekesha ni kwamba gitaa halina habari. Linaenda na mwendo wake uleule, limetulia kama karani wa mahakama, huku mwenye kuimba anapaparika, anabishana na hakimu, anacheka katikati ya sentensi yake. Mdomo unachelewa, gitaa linawahi. Tofauti ya nusu pigo kati ya viwili hivyo ndiyo inayobeba kicheko.

Kwa anayetaka kufanya hivyo jukwaani, huu ndio ugumu wa kweli, na si wa vidole. Ukianza kuongea, mkono unafuata silabi zako. Sentensi ndefu inaurefusha mzunguko, sentensi fupi inauharakisha. Dawa ni kuutenga mkono na mdomo kabla hujaweka kichekesho chochote. Piga lile zoezi la tatu-tatu-mbili na utaje vituo vya daladala: Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara, tena kwa kigugumizi, tena kwa kasi, tena ukisimama katikati ya neno. Silabi za majina hayo hazilingani zote, Magomeni ina nne na mengine tatu, na ndiyo maana yanafaa. Mkono ukivumilia vituo, utavumilia hadithi.

Jambo la pili ni mahali pa kuiacha kauli ya kuchekesha. Ukiisema juu ya kodi inayolia, nusu ya watu hawataisikia. Jerry hukata gitaa ghafla, anaitupa kauli ndani ya kimya, na gitaa linarudi kwenye pigo la kwanza la mzunguko unaofuata kana kwamba hakuna lililotokea. Kimya hicho kina urefu maalumu. Kikiwa cha pigo moja, watu hawajaelewa. Kikivuka mzunguko mzima, wameshaelewa na wanakusubiri. Na watu wakicheka, usiongeze kasi. Hapo ndipo karibu kila mtu anaharibu: kicheko kinampandisha damu, mwendo unaruka kutoka 100 hadi 112 bila yeye kujua, na ule mporomoko wa noti uliopangwa baadaye hautapigika tena. Acha mguu uhesabu.

Usianze na kichekesho cha kukosea. Kujifanya umepotea kwenye shingo ya gitaa kunachekesha pale tu watu wameshaona kwamba hupotei. Piga kipande kigumu kwanza, safi, halafu ndipo uso ufanye vituko. Kwenye picha za televisheni za miaka ya 1970 Jerry na Chet wanapiga Jerry's Breakdown, kipande kilichomo kwenye albamu yao Me & Chet ya 1972, na mpangilio huo unaonekana wazi. Chet amekaa wima, shati limenyooshwa, uso wa mtu anayesubiri benki ifunguliwe. Jerry anatikisika, anacheka, anamtazama mwenzake kama anayemchokoza. Mikono yao yote miwili inafanya kazi ileile kwa usahihi uleule. Mzubao wa Chet ulikuwa mzaha pia, na bila huo vituko vya Jerry visingekuwa na ukuta wa kugonga.

Wawili hao walianza kurekodi pamoja na Me & Jerry, iliyotoka 1970 na kupata Grammy ya ala za country, na wakarudiana mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Sneakin' Around, ambayo nayo ilipata Grammy. Chet alimpa Jerry cheo alichokibuni mwenyewe, CGP (Certified Guitar Player), yaani mpiga gitaa aliyethibitishwa, ambacho katika maisha yake yote aliwapa watu wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kutoka kwa Chet, hiyo ilikuwa zaidi ya tuzo ya chama chochote.

Hata hivyo mzaha ulimgharimu, na sioni sababu ya kulipaka sukari hilo. Jerry alifariki tarehe 1 Septemba 2008. Country Music Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa magwiji wa country, ilimwingiza mwaka 2017. Ilikuwa imepita miaka tisa akiwa kaburini, na kabla ya hapo zaidi ya miaka 30 ambayo kila mpiga gitaa wa vidole alikuwa akitaja jina lake kwa heshima. Kamati hupenda wasanii wenye sura ya huzuni. Jerry mwenyewe alichangia: kuanzia katikati ya miaka ya 1970 filamu zilichukua muda wake mwingi, na baadhi ya albamu za kipindi hicho zina nyimbo za mzaha zilizopigwa kwa gitaa la kawaida kabisa ambalo mtu yeyote wa studio angeliweza. Mashabiki wakali watakasirika, lakini ndivyo masikio yangu yanavyosikia. Mzaha ukikosa mkono wa kulia chini yake unazeeka haraka.

Ukianza kumsikiliza leo, usianzie kwenye mkusanyiko wa nyimbo zilizovuma. Anza na The Claw, kwa spika yenye besi ya kutosha, na fuata gumba peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kurudi mara ya pili fuata vidole. Halafu Guitar Man ya kwake, kisha ya Elvis, moja baada ya nyingine, uone jinsi gitaa lilelile linavyosukuma waimbaji wawili wasiofanana. Halafu Jerry's Breakdown kwa picha, sauti ukiwa umeizima mzunguko wa kwanza, uangalie mkono wa kulia unavyokaa: kifundo hakitembei, kiganja hakipai, vidole vinaingia na kutoka kwenye nyuzi kwa umbali mdogo mno. Ndipo uweke When You're Hot, You're Hot. Sikiliza gitaa chini ya maneno pale anapoanza kugombana na hakimu, uhesabu nafasi nane, uone kama kuna hata moja iliyosogea.